Kusoma Utabiri wa Upepo Mombasa: Anza na Mwelekeo, Kasi Ifuate

Upepo wa Kusi ukianza kukaza, maswali huwa yale yale. Simu imesema noti 12, mbona nje ya mwamba pamechafuka hivi? Mshale umeelekea juu, sasa hii ni Kaskazi au Kusi? Kwa nini naona namba mbili, 14 na 23, nishike ipi? Wanaouliza ni vijana walionunua kayaki, wanaojifunza tanga Mtwapa na Tudor, wavuvi wapya, na wazazi wanaotaka kujua kama watoto waachiwe na boya la kupuliza pale Bamburi. Mwongozo huu ni wenu.

Wengi hukimbilia kasi. Mimi nakuomba uanze na mwelekeo. Noti 12 zinazokurudisha pwani na noti 12 zinazokupeleka Bahari Hindi si kitu kimoja, hata kama namba ni ile ile.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Simu yenye vyanzo viwili vya utabiri. Windy na Windguru zinatosha, na zote zina sehemu isiyolipiwa.
- Taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, hasa maonyo ya upepo mkali na mawimbi makubwa.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini.
- Dira. Ya kwenye simu inafaa, ila iondoe karibu na chuma na spika.
- Daftari na kalamu.
- Mtu wa ufuo wako: nahodha, mvuvi, au mmoja wa viongozi wa BMU, kile kikundi kinachosimamia ufuo na uvuvi. Msalimie vizuri, umwambie unataka kwenda wapi na kwa chombo gani. Swali la "leo upepo vipi?" litakupa jibu fupi. Ukisema "nataka kufika mwambani na kurudi kabla ya adhuhuri", utapata jibu la kukusaidia.

Hatua ya 1: Weka vipimo na saa sawa

Fungua mipangilio ya programu uchague noti. Manahodha, marubani na taarifa za bahari huzungumza kwa noti, kwa hiyo mtaelewana. Noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa. Ukikuta mita kwa sekunde, zidisha kwa mbili, utapata noti kwa makadirio ya haraka.

*Kosa la kawaida:* programu imefunguka ikiwa kwenye mita kwa sekunde. Anayeanza anaona 8, anadhani ni noti 8, upepo wa kuchezea. Kumbe ni noti 15 na ushei, na kwa kuwa nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi, tanga lako litasukumwa karibu mara nne ya ulivyotarajia.

Saa nayo ikaguliwe. Programu huandika 09:00 na 15:00, sisi husema saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Ukimwandikia mwenzako "saa 9" bila kusema ni ya asubuhi, alasiri au usiku, mtapishana ufuoni, na huenda mkapishana na upepo pia.

Hatua ya 2: Jua uko msimu gani

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki. Kwenye programu utaona digrii 30 hadi 70. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, digrii 150 hadi 220 au zaidi kidogo asubuhi, na nguvu yake kubwa ni Juni, Julai na Agosti. Katikati ya misimu hiyo, Machi kuelekea Aprili na Oktoba kuelekea Novemba, ndiyo tanga mbili, maleleji: upepo hafifu usio na msimamo.

Faida ya kujua msimu ni kwamba unaweza kuikagua programu yenyewe. Ukiona mwezi wa Julai utabiri umeandika digrii 50 kutwa nzima, usiondoke. Pengine umebonyeza mahali pengine kwenye ramani, au kuna jambo lisilo la kawaida baharini, na yote mawili yanataka uulize kwanza.

Hatua ya 3: Soma mwelekeo, uulinganishe na ufuo wako

Namba ya digrii husema upepo unatoka wapi. 0 au 360 ni kaskazini, 90 mashariki, 180 kusini, 270 magharibi. Mshale wa programu hufanya kinyume: huonyesha upepo unakoelekea. Ndiyo maana Kusi ina mshale unaoelekea juu ya ramani. Usisome mshale na digrii kwa kanuni moja, utageuza ulimwengu.

Sasa nenda ufuoni. Simama mstari wa maji ukiwa umekatiza mbele yako, uso baharini, usome dira. Kuanzia Nyali hadi Shanzu utapata karibu 120, kwa sababu pwani yetu hailali kaskazini-kusini barabara, imeinama kuelekea kaskazini-mashariki. Kusini ya Likoni, kuanzia Shelly hadi Tiwi, tofauti ni ndogo sana. Andika namba yako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kutoka hapo:

- Upepo ulio ndani ya digrii 45 kila upande wa namba hiyo (kwa Nyali, 75 hadi 165) unatoka baharini moja kwa moja. Maji ya ufuoni yatakuwa na fujo, kutoka kutakuchosha, lakini ukichoka au ukivunja kasia utarudishwa nchi kavu.
- Upepo wa karibu 30 au karibu 210 unapita sambamba na pwani. Utashukia ufuo mwingine, kwa hiyo panga usafiri wa kurudi.
- Upepo wa 225 hadi 345 au zaidi kidogo unatoka bara. Huu ndio wa kuogopa.

Nieleze huo wa bara kwa urefu, maana ndio unaodanganya watu wazima na akili zao. Ukisimama Bamburi asubuhi ya Kusi, upepo mara nyingi ni wa kusini-magharibi, umande, yaani upepo wa alfajiri utokao bara, ukiwa umechanganyika na Kusi yenyewe. Nyuma yako kuna minazi na majengo yanayoukinga. Mbele yako maji ni bapa kama sahani, kwa sababu upepo haujapata nafasi ya kuyainua mawimbi. Unaona shwari. Mita mia tatu mbele, kinga imekwisha, upepo unafika wote, na kila pigo la kasia la kurudi ni la mbisho, dhidi ya upepo. Mtu aliye kwenye boya la kupuliza hawezi kabisa kushindana nao. Ubao wa kupiga kasia kwa kusimama nao ni mgumu kuurudisha, kwa kuwa mwili wako wenyewe umekuwa tanga. Kwa mtoto na boya, jibu langu ni moja siku ya upepo wa bara, hata uwe noti 6: hapana.

Ndani ya mikono ya bahari, Tudor, Mtwapa na Kilindini, hesabu hubadilika. Ng'ambo ipo karibu na itakupokea, lakini kingo za majabali, majengo na madaraja huupinda upepo. Unaweza kuondoka Bandari ya Kale ukiwa umekingwa na nyumba za Mji wa Kale, ukapigwa ubavuni mara tu unapoipita Fort Jesus kuelekea nje. Namba ya programu inahusu huko nje.

Hatua ya 4: Sasa soma kasi

Kasi inayoandikwa ni wastani, kwa kawaida wa dakika kumi, kwenye kimo cha mita 10 mahali peupe. Ndiyo maana ukikaa chini ya makuti utahisi pungufu. Kwa bahari wazi, nje ya mwamba, ichukulie hivi:

- Chini ya noti 7: vijiwimbi bila povu. Anayeanza kupiga kasia afurahie.
- Noti 7 hadi 10: povu hapa na pale. Siku nzuri ya kujifunza tanga.
- Noti 11 hadi 16: povu jingi, mawimbi ya kama mita 1. Asiye na mwenyeji asitoke nje ya mwamba.
- Noti 17 hadi 21: povu kila mahali, rasharasha, mawimbi yanakaribia mita 2. Wazoefu tu, na tanga lipunguzwe.
- Noti 22 kwenda juu: chombo kidogo kikae mchangani.

Mipaka ya kitaalamu ya kasi hizo imetoka kwenye kipimo cha Beaufort, kilichoanzishwa na Francis Beaufort mwaka 1805 kwa kuangalia matanga ya meli; namba za noti ziliongezwa baadaye. Ushauri wa nani atoke na nani abaki ni wangu, na nimeupunguza makusudi kwa ajili ya wanaoanza.

*Kosa la kawaida:* kupima kasi kwa kutazama maji ya ndani ya mwamba. Mwamba huvunja mawimbi, hauzuii upepo. Wakati maji yamepwa, ndani panaweza kutulia huku noti 18 zikipita juu ya kichwa chako.

Hatua ya 5: Usiiache namba ya upepo wa ghafla

Ile namba ya pili, iliyo kubwa, ni kilele cha upepo kinachodumu sekunde chache, kwa kawaida tatu, kabla ya kushuka. Wastani ndio utakaosafiri nao. Upepo wa ghafla ndio utakaokupindua. Chagua tanga kwa kuangalia namba kubwa, halafu kadiria muda wa safari kwa namba ndogo.

Tazama pia pengo kati ya namba hizo mbili. 14 na 18 ni upepo laini, unaovumilika, mkono unauzoea. 14 na 26 ni siku nyingine kabisa: nguvu kwenye tanga inaruka zaidi ya mara tatu kwa pigo moja. Pengo likizidi nusu ya wastani, mimi humwambia anayeanza asubiri.

Miezi ya masika pengo hilo huletwa na mawingu ya mvua. Wingu zito linapomwaga mvua, hewa baridi huporomoka kutoka juu na kutawanyika pande zote ikifika chini, na huo upepo hukufikia kabla ya tone la kwanza. Programu haiwezi kukuambia wingu fulani litapita Nyali saa nne na robo. Macho yako yanaweza. Pazia la mvua upande wa kusini, maji yaliyogeuka rangi ya wino chini yake, ubaridi wa ghafla shavuni: rudi, usimalizie kuvua.

Hatua ya 6: Fuata saa, usifuate siku

Usiseme "Jumamosi ni noti 13". Isome saa baada ya saa. Mchana bara hupata joto haraka kuliko bahari, hewa ya baharini ikavutwa kuingia, na upepo huo wa bahari ukajiongeza juu ya Kusi au Kaskazi. Kwa hiyo siku nyingi hapa Mombasa asubuhi ni hafifu, kuanzia kama saa tano upepo unapanda na kugeukia upande wa mashariki, na kilele huwa alasiri. Usiku hutulia, na kukikaribia kucha umande huja kutoka bara.

Huu hapa mfano wa siku ya Julai, namba nimezitunga kwa ajili ya zoezi:

- 09:00: noti 9, ghafla 14, digrii 225
- 12:00: noti 14, ghafla 20, digrii 170
- 15:00: noti 17, ghafla 25, digrii 155

Anayesoma kasi peke yake atasema asubuhi ndiyo salama. Soma mwelekeo: 225 ni upepo wa bara. Mwenye boya au ubao asitoke saa tatu. Mwenye mashua ndogo na injini anaweza kutoka, na saa sita upepo utakuwa umegeuka kumsukuma pwani, ila ahakikishe ameshaingia ndani ya mwamba kabla ya saa nane. Anayeanza tanga ana nafasi fupi, kati ya kugeuka kwa upepo na kukaza kwake, labda saa moja. Wazoefu wanaoteleza kwa kishada wataitaka ile ya saa tisa.

Hatua ya 7: Weka maji juu ya upepo

Fungua jedwali la maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa Kilindini hupita mita 3, na maji yote hayo ya mikono ya bahari hutoka kupitia milango myembamba. Maji yanayotoka yakikutana na Kusi inayoingia, mawimbi hufupika, husimama wima na kuvunjika. Mlango wa Mtwapa na wa Kilindini huweza kuwa mbaya kwa noti 15 ambazo maji yakiwa yanajaa zisingekutisha. Maji mafu, siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo, hupunguza tatizo hili. Ukiwa huna uhakika, ingia na utoke maji yanapojaa au yaliposimama.

Hatua ya 8: Linganisha vyanzo, kisha usome maonyo

Windy na Windguru kwa sehemu kubwa hazitabiri zenyewe. Huonyesha matokeo ya modeli, yaani hesabu za kompyuta za hali ya hewa, hasa GFS ya Marekani na ECMWF ya Ulaya. ECMWF hugawa dunia kwa miraba ya kama kilomita 9, GFS miraba mikubwa zaidi. Kisiwa chote cha Mombasa huingia ndani ya mraba mmoja na nafasi ikabaki. Modeli haijui kwamba kuna Ras Serani au daraja la Nyali. Kwa hiyo usiulize ipi ni ya kweli. Zikikubaliana, ujasiri uongezeke. Zikitofautiana kwa noti 5 au zaidi, panga safari kwa ile kubwa. Utabiri wa saa kwa saa wa zaidi ya siku tatu mbele utumie kuchagua siku tu.

Kisha soma taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa. Wakitoa onyo la upepo unaozidi noti 25, au la kimbunga, mjadala umefungwa hata kama programu yako ni ya kijani. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuwa kikielekea Tanzania, lakini mawimbi na upepo wake ulihusu pwani ya Kenya pia, na watu walitakiwa wakae mbali na bahari.

Hatua ya 9: Hakiki kwa macho

Kaa ufuoni robo saa kabla ya kuingia. Angalia povu nje ya mwamba, vilele vya minazi, vyombo vinavyorudi. Ukitaka namba ya upepo uliopo sasa, tafuta ripoti ya uwanja wa ndege wa Moi, alama yake HKMO. Ukiona 16014G25KT, ni digrii 160, noti 14, ghafla noti 25. Saa yenye Z iongeze tatu: 1000Z ni saa saba mchana kwetu. Uwanja uko ndani, bara, kwa hiyo baharini tarajia zaidi. Na kukosekana kwa G hakumaanishi upepo laini, maana G huandikwa pale tu tofauti inapofika noti 10.

Andika kwenye daftari: programu ilisema nini, bahari ilionyesha nini, maji yalikuwaje. Baada ya msimu mmoja utakuwa na kipimo cha ufuo wako ambacho hakuna modeli inayokijua.

Mambo yakikataa kulingana

*Utabiri ni noti 8, mimi naona povu jingi.* Ni zaidi ya noti 11, amini povu. Mara nyingi upepo wa bahari umeanza mapema au umekuwa na nguvu kuliko modeli ilivyokadiria. Inaweza pia kuwa maji yanatoka dhidi ya upepo.

*Utabiri ni noti 16, mimi nahisi shwari.* Kagua kama umekingwa na majengo, na kama upepo ni wa bara. Angalia vilele vya minazi na vyombo vya mbali kabla ya kuamua.

*Programu imebadilika tangu jana usiku.* Modeli hukokotolewa upya mara kadhaa kwa siku. Soma ile ya asubuhi, na ukiona imekuwa ikipanda kila inapobadilika, chukulia itapanda tena.

*Mwelekeo unarukaruka kila saa.* Kasi ikiwa chini ya noti 5, au ni wakati wa tanga mbili, digrii hazina maana sana. Chukua makasia au mafuta ya kutosha, na usitegemee tanga kukurudisha.

*Mzee amesema usitoke, simu inasema sawa.* Muulize ameona nini. Kwa kawaida atakuonyesha wingu, mkondo au mawimbi marefu ya mbali ambayo jedwali la upepo halina. Hata kama hatakueleza, siku hiyo baki.

*Nimeshatoka na upepo umekaza.* Vaa jaketi okozi kama hukuvaa, teremsha au punguza tanga, uelekee nchi kavu iliyo rahisi kufikiwa hata kama siyo ulikotokea. Chombo kikipinduka, kishikilie, usijaribu kuogelea hadi ufuoni, kwa sababu chombo huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Mwenye redio ya VHF aite kwenye idhaa ya 16, ataje mahali alipo, idadi ya watu, na upepo unamsukuma upande gani.